Kula nje na kupika nyumbani na washkaji hapa Dar: jinsi ya kupanga ili asiachwe mtu nyuma kwa sababu ya hela

Makundi mengi ya marafiki hapa Dar yaliyokuwa yanapenda kula pamoja hayafi kwa ugomvi, yanakufa kwa hela, tena kimyakimya kabisa. Mtu mmoja mwezi huo mambo yake hayajakaa sawa, anaona kwenye grupu "wana Jumamosi tukutane Masaki", anajibu niko bize kidogo wapendwa, mara ya pili anajibu hivohivo, mara ya tatu hajibu anasoma tu anapita, na nyie mnaanza kusema fulani siku hizi anajitenga, kumbe hajitengi, anaona aibu kusema hana hela ya kulipia sahani moja ya sehemu ile. Mimi naamini kabisa kula pamoja ni moja ya vitu vinavyoshikilia urafiki mjini hapa, mmoja anakaa Mbezi mwingine Mbagala mwingine Kigamboni na bila sababu mnaweza mkamaliza miezi hamjaonana, kwaiyo naandika namna ya kupanga ili yule mwenye mfuko mwepesi kuliko wote aweze kuja kila mara bila kujibanza.

Njia yenyewe ni zamu. Safari moja mnatoka, safari inayofuata mnapika kwa mmoja wenu, halafu mnatoka tena. Kutoka kunawapa vitu ambavyo jikoni kwenu hamviwezi, na kupika kunawapa muda, maana mgahawani baada ya masaa mawili weita anaanza kuizungukia meza lakini nyumbani mnaweza mkaanza saa nne asubuhi kumenya vitunguu na mkaachana usiku. Pia kwa hela ileile ya kula watu wanne sehemu nzuri, nyumbani wanakula kumi wanashiba na mabaki yanabaki. Kundi linalotoka tu linachuja watu, na kundi linalopika tu linamchosha mwenye nyumba, maana mara nyingi ni mmoja huyohuyo mwenye sebule kubwa.

Hela isemwe kabla, kwa sauti

Mtu anayetoa wazo la kutoka aje na wazo na namba. Usiandike tu "tukutane sehemu fulani tule", andika tukutane sehemu fulani, kwa kichwa chakula na kinywaji kimoja ni kama kiasi hiki, nauli ya kurudi usiku kila mtu ajipange. Menyu siku hizi nyingi zipo Instagram, na kama haipo piga simu uliza, hakuna ubaya wowote kuuliza bei. Uliza na kodi pia, maana VAT yetu bara kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 na kuna sehemu bei za kwenye menyu hazijaijumlisha, unakuja kushtuka kwenye bili, na sehemu nyingine zinaongeza hela ya huduma juu yake. Mtu aliyekuja na hela iliyopimwa kabisa hiyo kodi inamtoa jasho mbele za watu, na mshtuko huo mngeuepuka kwa simu ya dakika mbili tu.

Halafu chagueni mtu mmoja wa kukusanya, atumiwe hela kwenye simu kabla ya siku yenyewe, sio mezani. Mambo ya watu nane kila mmoja anatoa simu yake pale, huyu mtandao umegoma, huyu salio halitoshi, huyu anasema mimi nimekula kidogo, yanaharibu jioni nzima. Aliyekusanya analipa mara moja kwa lipa namba, anapiga picha risiti anaiweka kwenye grupu, chenji ikibaki inaingia safari ijayo. Hapo kwenye risiti usiruke hata kama mnaaminiana sana, ndo kinachofanya muendelee kuaminiana.

Pombe iwe bili yake. Hili nalisisitiza kwasababu karibu kila kundi lina wanaokunywa na wasiokunywa, na kugawa bili yote sawa kwa sawa maana yake aliyekunywa soda moja anamlipia mwenzie bia tano, atavumilia mara moja mara mbili, hatasema kitu, ila ya tatu haji. Mwambieni weita mapema kabisa, kabla ya oda ya kwanza, kwamba mnataka bili mbili, chakula peke yake vinywaji peke yake, wao wameshazoea wala hawashangai. Na kama kuna mtu ana birthday au kapata kazi anataka kuwatoa, aseme waziwazi "mimi nalipa" au "kila mtu ajilipie ila mje", asiwaache watu wanabahatisha mpaka bili inafika.

Wapi na saa ngapi

Ijumaa jioni usipange kitu upande wa pili wa mji. Ali Hassan Mwinyi, Mwenge, barabara ya Bagamoyo, hizo zote Ijumaa saa kumi na mbili unazijua, mtu anafika saa tatu usiku kachoka, njaa imepita, hasira tu. Jumamosi mchana au Jumapili baada ya ibada ndo muda mzuri, na mchana hata nauli ya kurudi ni rahisi maana daladala zipo za kutosha, usiku mtu anabaki na Bolt peke yake na bei imepanda. Kama kundi limetawanyika sana chagueni sehemu iliyo karibu na vituo vya mwendokasi, Magomeni, Kariakoo, Morocco au Kivukoni, hapo wa Kimara anafika bila shida na wa Kigamboni akivuka na kivuko anashukia palepale Kivukoni.

Sasa kuhusu sehemu zenyewe, ushauri wangu mkubwa ni kwamba mkitoka fuateni kitu ambacho nyumbani hamtakipika vizuri, msiende kulipa bei kubwa kwa chips kuku ambayo hata kwenye kona ya mtaani kwenu ipo. Mfano kuku wa kuchoma wa Mamboz pale kona ya Morogoro na Libya, mnakaa nje karibu na barabara jioni, moshi, kelele, watu wa kila aina, na kuku yenyewe ina viungo ambavyo ukijaribu nyumbani unakaribia tu hufiki. Au Addis in Dar upande wa Mikocheni, chakula cha Ethiopia, injera, mkate wao mwembamba laini kama chapati, moja kubwa imetandazwa na michuzi imepangwa juu yake na nyie wote mnakula hapohapo kwa mkono, kwa kundi hii ni bora sana maana hakuna wa kukaa na sahani yake peke yake. Na injera ina faida nyingine, Waethiopia wa Orthodox wana siku nyingi za kufunga ambazo hawagusi nyama wala maziwa wala mayai, kwaiyo vyakula vyao vya dengu, njegere na mboga vimepikwa kwa umakini kabisa sio kama pembeni ya nyama, na kama kwenye kundi kuna asiyekula nyama hapo anakula kama wengine.

Mjini kati maeneo ya Kisutu kuna chai na vitafunwa vya Kihindi na vya Kiswahili, sambusa, katlesi, kababu, bagia na chatne ya nazi, hiyo asubuhi ya Jumamosi ni kitu kizuri sana na haimuumizi mtu mfukoni. Coco Beach mihogo, ya kukaanga au ya kuchoma, na kachumbari na pilipili na mishkaki, mnakaa kwenye upepo mnakula taratibu, mwezi ambao hali ni ngumu kwa wengi pelekeni kundi Coco na hakuna atakayejua kwamba mmepunguza bajeti. Na mama lishe msimdharau, mchana wa siku ya kazi mkiwa wawili watatu ofisi zenu ziko karibu, wali maharage na mchicha na kipande cha samaki kwa mama lishe mzuri ni chakula kinachopikwa asubuhi hiyohiyo kikaisha mchana huohuo, ni freshi kuliko sehemu nyingi zenye kiyoyozi.

Nyama choma inataka akili kidogo. Kwenye baa nyingi nyama inauzwa kwa kilo na inapimwa mbichi, kwaiyo nenda mwenyewe mpaka dirishani, chagua kipande, ubavu au mguu, angalia mzani, halafu ndo iende motoni. Ikishachomwa inapungua, hilo ni kawaida maji na mafuta yanatoka, usije ukaanza kugombana na mchomaji kwamba kilo yako imeliwa, lakini ukiiona inapimwa na unakijua kipande chako roho inatulia. Kwa mbuzi mimi huwa nahesabu kilo moja watu watatu kama kuna ndizi na ugali pembeni. Na pigeni simu kabla hamjatoka nyumbani ianze kuchomwa, vinginevyo mtakaa karibu lisaa lizima mnakunywa tu, na hapo bili ya vinywaji ndo inapoanza kupanda bila mtu kuona. Mkishindwa kupiga simu agizeni supu wakati mnasubiri.

Kitu kingine, dini. Dar tumechanganyika na hakuna kundi ambalo halina Muislamu na Mkristo, kwaiyo mpangaji aulize kabla, sio mkishafika. Baa inayochoma kitimoto na mbuzi jiko moja, wavu mmoja, kisu kimoja, mwenzenu Muislamu anayejali hawezi kula pale hata kama mmemwagizia kuku, na hatosema kwa sababu hataki kuwaharibia, atakunywa soda atasema nimeshiba. Wapenzi wa kitimoto wana siku zao, hata wenyewe watano wakienda hakuna anayekasirika, lakini siku ya kundi zima chagueni sehemu ambayo kila mtu anaweza kuweka mkono. Na kwa Wasabato ni hivohivo, kitimoto hawali, na kambale na pweza na kamba pia wengi wao hawagusi, na Jumamosi mchana wako kanisani. Uliza tu, watu wanapenda sana kuulizwa.

Mezani

Hapa sina mengi. Agizeni vya kushirikiana katikati badala ya kila mtu na sahani yake, hapo hata aliyeagiza kidogo hajulikani, na mnaonja vitu vingi. Kwa watu sita agiza vya watu watano kwanza, mkiona haitoshi mnaongeza, kuongeza ni rahisi kuliko kufungiwa mabaki ambayo hakuna anayejua ni ya nani. Simu pigeni picha mara moja halafu ziwekwe, chakula kikipoa kwa sababu ya picha mpishi wa watu mmemkosea. Weita mwiteni kwa heshima, dada au kaka, sio kumpigia miluzi au kugonga gonga chupa. Bahashishi sio lazima kwetu lakini kama amewahudumia vizuri mpeni mkononi mwake mwenyewe. Chakula kikija kibaya, samaki amelala au nyama mbichi, mwambie mapema ukiwa umeonja kidogo, sio umemaliza nusu.

Na onjeni kwa nia ya kujifunza. Mkila kitu kikawakuna, ulizeni humu kuna nini, wapishi wengi wanafurahi kuulizwa, halafu zamu ya nyumbani mjaribu. Hivi ndo zamu mbili zinavyounganishwa, mlichokula nje mwezi huu kinakuwa kazi ya mwezi ujao.

Zamu ya nyumbani

Mwenye nyumba asipike peke yake. Hii ndo kanuni naishika kuliko zote, mwenye nyumba anatoa jiko, gesi au mkaa, maji na sehemu ya kukaa, hiyo ni mchango wake tayari, na kama mnaweza mchangieni hata hela ya umeme wa LUKU. Wengine mnaleta vitu na mnaleta mikono. Na kabla hujafurahia kuona mkeka umetandikwa, jua kwamba wengi wetu tumepanga, kwaiyo mwenye nyumba awaambie majirani zake na baba mwenye nyumba mapema kwamba Jumapili nina wageni, muziki usivuke kiasi, na chakula kikiiva sahani moja iliyofunikwa iende kwa jirani kabla hamjaanza kula. Wala haihitaji maelezo, ndo tulivyolelewa.

Kama mnapikia nyumbani kwa wazazi wa mmoja wenu, mnafika mnaingia kwanza kusalimia, shikamoo mama shikamoo baba, ndo mnaenda jikoni, na mama akisema nitawasaidia mpeni kiti akae awaelekeze, mtajifunza mengi. Wazee wapakuliwe kwanza. Na kama kuna dada wa kazi, vyombo vyote osheni nyie, watu kumi mmekuja kufurahi mkamwachia dada sufuria zenye ukoko, hiyo hapana kabisa, na yeye akae ale na nyie.

Kugawana vitu ni hivi, usiseme "kila mtu alete kitu", utapata soda kumi na mbili na hakuna mchele. Mpangaji aandike orodha na majina, wewe mchele, wewe nazi, wewe matunda, wewe unakuja saa nne kukata vitunguu. Na hapa ndo yule mwenye mfuko mwepesi anapata nafasi yake bila kuonewa huruma, mpe kazi ya kwenda sokoni au kukuna nazi au kusimamia jiko, kazi ya kweli ambayo bila yeye chakula hakiivi, na asichangie hela na isitajwe popote. Mabegi ya plastiki yamepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 kwaiyo aende na kikapu chake.

Sasa nitoe mfano wa chakula kimoja kizima cha watu kumi, wali wa nazi na samaki wa kupaka, maana ni chakula cha pwani hii hii yetu na kinafaa kundi, kuna kazi ya kila mtu.

Samaki mnafuata Feri, soko la Kivukoni, na ni asubuhi, mnada unaanza mapema sana na saa nne samaki wazuri wameshachukuliwa na wenye mahoteli na wachuuzi. Kama ni mara yenu ya kwanza msiingie kwenye mnada, pale watu wanataja bei haraka na mafungu ni makubwa, nunueni kwa wachuuzi wa mezani palepale ndani. Angalia jicho, liwe linang'aa halijazama, fungua shavu, yawe mekundu sio kahawia, bonyeza nyama, irudi. Harufu iwe ya bahari tu. Kwa kupaka changu wakubwa wakubwa ni wazuri, au kolekole, kwa watu kumi chukueni kama kilo nne wakiwa wazima kwasababu kichwa na mifupa vinakula uzito. Palepale kuna watu wa kupara, unawalipa kidogo wanapara, wanatoa matumbo na kuchanja, usijitie kwenda kupara nyumbani magamba yatakaa jikoni wiki nzima. Nendeni na ndoo na barafu. Na jueni kwamba bei inafuata upepo, kipindi cha kusi kikali, mwezi wa sita mpaka wa nane hivi, bahari inachafuka, vyombo vidogo vingi haviendi mbali na samaki anapanda bei, wakati kaskazi bahari imetulia anashuka. Dagaa nao wanafuata mwezi, wavuvi wanawavuta kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali taa haina kazi, kwaiyo siku za mwezi mpevu usishangae dagaa hakuna.

Mchele kilo moja na nusu unatosha watu kumi wanaokula vizuri. Wa Kyela unanukia, ila sokoni kila mchele utaambiwa ni wa Kyela kwaiyo shika mkononi, nusa, tafuna punje mbili. Nazi nunua saba, tatu za wali nne za kupaka, zitikise masikioni usikie maji, isiyo na maji iache. Masokoni kuna mashine za kukuna siku hizi na zinasaidia sana, ila kama mna mbuzi ya nazi nyumbani na mnapiga stori, kukuna wenyewe ni sehemu ya raha.

Mkifika, samaki waoshwe, wapakwe chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa, na pilipili kidogo, waingie viungo kama nusu saa mpaka lisaa limoja, sio zaidi maana ndimu inaanza kuipika nyama. Wakati huo mtu wa nazi anachuja. Tui la kwanza zito liwekwe pembeni, la wali kivyake na la samaki kivyake, halafu maji mengine kwenye machicha, unakamua tui la pili jepesi. Tui jepesi la zile tatu linaenda kwenye sufuria ya wali na chumvi, likichemka unatia mchele uliooshwa, kwa kawaida kikombe kimoja cha mchele kwa viwili vya tui, mchele mpya punguza kidogo. Ukikaribia kukauka mwagia tui zito, geuza mara moja taratibu, funika, punguza moto kabisa. Kama ni jiko la mkaa unapunguza makaa chini na kupalia mengine juu ya mfuniko, na hapo ndo wali unapata ile harufu ambayo gesi haitoi kamwe. Jiko la mkaa liwe nje au uwani jamani, ndani ya chumba kilichofungwa hewa ya mkaa inaua na haina hata harufu ya kukushtua, nje mvua ikinyesha pikeni na gesi.

Samaki wanachomwa kwenye wavu, makaa yawe yameshika vizuri bila moto wa kuruka, waive na kukauka juu. Wakati huohuo tui zito la samaki liko jikoni na kitunguu saumu, tangawizi, bizari ya manjano kidogo, pilipili na chumvi, na hapa mtu mmoja akae asiondoke, anakoroga bila kuacha mpaka lichemke na lianze kuwa zito, ukiliacha linakatika linakuwa na mafuta juu na maji chini. Hii kazi mpe mtu mwenye stori nyingi, atakoroga huku anaongea. Ndimu inaingia mwisho, moto ukiwa umeshushwa. Halafu unapaka samaki, unageuza, unapaka, mpaka rojo limeshika mwili wa samaki na limeungua kidogo kwa pembeni. Linalobaki unamwagia juu.

Pembeni mchicha au matembele yaliyochemshwa kwa tui jepesi lililobaki, na kachumbari, ambayo chumvi unatia dakika za mwisho kabisa maana ukitia mapema inatoa maji inalegea. Matunda ya msimu, kuanzia Desemba maembe ni mengi, msinunue keki.

Hayo ni ya pwani, ila raha ya Dar ni kwamba kundi moja lina watu wa mikoa yote, kwaiyo zamu ya nyumbani mtu apike cha kwao. Wa Moshi alete machalari au mtori, wa Bukoba ndizi na maharage, wa Dodoma mlenda na ugali wa uwele, wa Kigoma migebuka na mawese, wa Mtwara kisamvu na korosho, wa Unguja urojo au bokoboko. Vingi vya hivi huvipati mgahawani Dar, na ukivipata havijapikwa na mtu aliyekua anavila. Mpeni mwenye chakula aseme na namna kinavyoliwa, na wengine mfuate, kama ni cha mkono ni cha mkono.

Ramadhani ikifika mimi napenda kundi zima lihamie kwenye futari, wasiofunga nao. Mnafika kabla ya magharibi, tende na uji wa pilipili manga vimeshawekwa, adhana ikilia wanaofunga wanaanza kwanza, halafu magimbi ya nazi, mihogo, viazi vitamu, tambi, kaimati. Wasiofunga ndo waje mapema kupika siku hiyo, wenzao wameshinda na njaa na kiu, kusimama jikoni saa kumi jioni sio jambo dogo kwao, na mnaowapikia onjeni chumvi nyie.

Chakula cha nazi kinachacha haraka kwa joto la hapa, kwaiyo mkishamaliza kula msikiache mezani mpaka usiku mnapiga stori, gawaneni mapema. Kila mtu aje na chombo chake chenye mfuniko tangu asubuhi, iandikwe kwenye orodha kabisa pamoja na mchele na nazi. Anayekaa mbali, anayerudi kwa daladala mbili tatu, apakuliwe kwanza aondoke kabla giza halijaingia sana. Waliobaki wanaosha vyombo, wawili wanaosha mmoja anafuta mmoja anapanga, na wakati mko hapo kwenye beseni ndo mchague tarehe ya kutoka na nani ataipigia simu sehemu kuuliza bei.